Denso K16R-U kwenye Toyota 100: plagi za kawaida, gari kuukuu, mzigo mzito

Nianze na gari, maana plagi haisifiwi wala hailaumiwi mpaka ujue imefungwa wapi. Gari langu ni Toyota Corolla 100, ile wagoni, injini 5A-FE ya lita 1.5, valvu 16. Moto wa plagi unatoka kwenye distribyuta, kile kigawa moto cha silinda zote, na kupita kwenye waya nne ndefu. Hakuna mambo ya koili, kitengeneza umeme mkali, moja juu ya kila plagi kama magari ya siku hizi. Boneti imeliwa na chumvi ya bahari kwenye pembe, na viti vya nyuma nilivitoa zamani, kwa sababu kazi ya gari hili ni kubeba masufuria. Mimi napika harusi na hitima, Malindi mjini na pembezoni: Mambrui, Gongoni, Gede, mpaka Kakuyuni. Mtu aliyekuita umpikie wageni wake pilau hataki kusikia habari za plagi.

Ninazozisema hapa ni Denso K16R-U, za nikeli, za kawaida kabisa, zisizo na maneno ya dhahabu kwenye boksi. Zilifungwa kabla ya Ramadhani iliyopita, na tangu hapo zimeshafunguliwa na kutazamwa. Nazipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu iliyopotea nitaieleza, na kosa si la plagi yenyewe.

Kabla ya hizi gari lilikuwa linamisi, yaani silinda inakosa moto. Si kila wakati, na hilo ndilo lililochosha. Likisimama injini ikiwa inawaka, lilitetemeka mpaka vifuniko vya masufuria vikawa vinagongana nyuma. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri tu. Lakini nikishavuka daraja la Sabaki na kuanza kupanda kuelekea Mambrui, gari limejaa, nikikanyaga mafuta linasita, linakohoa, linashika tena. Nyuma inatoka harufu ya petroli mbichi. Kila niliyemwuliza alinipa jawabu lake: pampu ya petroli, injekta, petroli chafu. Mmoja aliniambia gari limepigwa jicho, na sikumbishia, lakini niliendelea kutafuta.

Kuna sababu ya gari kumisi mlimani na kutulia tambarare. Ukikanyaga mafuta, hewa inayoingia silindani inakuwa nyingi, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi ili iruke gepu ile ile, nafasi iliyopo kati ya elektrodi, ncha mbili za chuma za plagi. Gepu ikiwa pana kupita inavyotakiwa, au waya zimezeeka, umeme unashindwa kuruka ndani na kutafuta njia ya mkato nje: ubavuni mwa kauri, kwenye raba iliyochoka, popote penye wepesi. Silinda moja ikikosa moto, petroli yake inatoka ilivyoingia. Ndiyo ile harufu.

Sasa, kununua. Maduka ya spea ya hapa kwetu yanaishi kwa Toyota Probox. Simama kando ya barabara yoyote kubwa ya Malindi uzihesabu, utachoka wewe. Basi ukisema “plagi za Toyota”, kijana ameshanyoosha mkono kwenye rafu kabla hujataja gari lenyewe. Aliniwekea mbele yangu K16R-U11.

“Hizi ndizo, mamangu. Toyota zote zinaingia.”

“Kuingia zinaingia, mwanangu. Mimi nataka isiyo na kumi na moja mwishoni.”

“Ah, hiyo kumi na moja ni namba ya kiwanda tu.”

Si namba ya kiwanda. Ni gepu, milimita 1.1. Injini ya Probox, 1NZ-FE, inaitaka hiyo hasa, kwa sababu kila plagi ina koili yake juu ya kichwa na umeme haupotei njiani. 5A yangu, kwa mujibu wa kitabu chake, inataka milimita 0.8, na ndiyo gepu ya K16R-U isiyo na mkia. Tofauti ya milimita 0.3 huioni kwa jicho ukiwa umesimama dukani. Gari linaiona. Tena kijana alisema kweli kwamba zinaingia: thredi ni ile ile, urefu ni ule ule, spana ni ile ile. Ndiyo maana watu wengi wanafunga yenye 11 na kuishi na kumisi kwao wakidhani ni uzee wa gari.

Maandishi mengine nayo yana maana, na kuyasoma hakumhitaji fundi. K inakwambia thredi ni ya milimita 14 kwa upana na 19 kwa urefu, na kichwa kinafunguliwa kwa soketi ya 16. Ile 16 inayofuata haihusiani na soketi, ni kiwango cha joto. R ni rezista ya ndani, inayozuia cheche isikwaruze redio. U ni mfereji uliochongwa kwenye elektrodi ya chini, ile iliyopinda. Ukiitazama plagi mpya kwa upande utauona, umekaa kama mferejimaji wa bati la paa. Denso wanasema cheche inapata nafasi ya kukua vizuri pale. Mimi nasema unapendeza, basi.

Kwenye kiwango cha joto, kuwa macho. Kijana alipoona nimekataa ya 11 alinitolea K20, akisema hii ni namba kubwa, ina nguvu. Kwa Denso na kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, yaani inayopeleka joto lake haraka kwenye hedi, kichwa cha injini. Inafaa injini inayokimbizwa sana. Plagi ikikaa baridi mno, chini ya nyuzi 450 hivi, haichomi masizi yake yenyewe, inayakusanya tu. Safari zangu nyingi ni fupi, Shella hadi Barani, sokoni na kurudi, injini haijapata hata kuchemka sawasawa. K20 ingekuwa nyeusi baada ya msimu mmoja wa harusi. Na ukihamia Bosch au Champion, hesabu inageuka: huko namba kubwa ndiyo ya moto zaidi. Kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni moja na nyingine kwa kukisia. 16 ya Denso ni sawa na 5 ya NGK, na 20 ni sawa na 6.

Ukizikosa hizi, NGK yake ni BKR5EYA, hiyo nayo bila 11. Mfereji wao wameuweka kwenye elektrodi ya kati, umbo la V. Nimeshazitumia, na kati ya hizo mbili mimi sioni wa kumtangulia mwenzake. Chukua itakayopatikana ikiwa halisi.

Hapo kwenye “halisi” pana maneno. Mpwa wangu ana gari kama langu. Yeye alinunua seti ya jina kubwa kwenye duka ambalo silitaji, kwa bei iliyomfurahisha. Siku moja tukazimwaga mezani kwangu, zake upande huu na zangu upande huu. Kwa mbali ni mapacha. Ukizishika unaanza kuona. Washa, ile pete ya chuma ya kwenye shingo ya plagi yangu, inacheza kidogo lakini haitoki, imebanwa kiwandani. Ya kwake ilijidondokea yenyewe kwenye kitambaa cha meza. Maandishi juu ya kauri yangu nimeyasugua kwa kidole yakabaki. Ya kwake yalinibakia mimi kidoleni. Elektrodi ya chini kwenye mbili kati ya zake ilikuwa imekaa upande, haikulenga katikati. Mwisho tukachukua mita ya umeme, ncha moja juu inapokaa waya, ncha nyingine kwenye elektrodi ya kati. Zangu zilisoma kama omu 5,000, ndiyo rezista hiyo. Zake zilisoma karibu na sifuri. R imeandikwa, rezista haimo! Na kwa muda wote huo alikuwa analalamika kwamba redio ya gari inakwaruza akiongeza moto. Plagi bila rezista inafanya hivyo hasa. Cheche yake inapiga kelele kwenye mawimbi. Alikuwa ameshaanza kutafuta redio nyingine ya kununua.

Kufunga kulifanyika Maweni, kwa fundi wangu, chini ya mwarobaini. Huyu ni mtu wa makamo, haongei sana, na hapendi mtu amsimamie kichwani. Mimi humsimamia.

La kwanza, alikataa kugusa kitu mpaka injini ipoe. Hedi ya 5A ni aluminiamu na plagi ni ya chuma. Ukilazimisha kufungua ikiwa moto unaweza kutoka na thredi za hedi, na hapo kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya hedi kushuka. La pili, upepo. Plagi za injini hii hazikai juu juu, zimezama kwenye mashimo marefu katikati ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Mashimo yale yanakusanya mchanga, na mchanga wa Malindi unajulikana, unaukuta mpaka ndani ya kabati la nguo. Ukifungua plagi kabla ya kupuliza, mchanga wote unaanguka ndani ya silinda. Alitoa waya moja, kwa kuzungusha raba yake kwanza na si kwa kuvuta waya, akapuliza kwa pampu, ndipo akashusha soketi. Kisha akafanya ya pili. Moja moja, kwa sababu mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na waya zikichanganyika gari litapiga baruti badala ya kuwaka.

Waya ya silinda ya pili ilitoka imelowa oili. Raba yake imevimba, imelegea kama ulimi wa ng’ombe. Hapa mafundi wengine wangekwambia ringi za pistoni zimekwisha na wakuandikie orodha ya kufungua injini. Wangu alichungulia shimoni akasema ni raba za mashimo ya plagi, zile zinazokaa chini ya tapeti kava. Zikikauka, oili ya juu inavuja na kujaa shimoni. Ushahidi ni plagi yenyewe. Oili ilikuwa nje, kwenye kauri ya juu. Ncha ya ndani haikuwa na oili bali masizi makavu meusi na unyevu wa petroli, kwa maana moto ulikuwa unatorokea kwenye ile raba iliyolowa. Oili ikiwa kwenye ncha ya ndani ndipo uanze kuogopa ringi na sili za valvu.

Plagi za zamani alizipanga juu ya gazeti kwa utaratibu wa silinda. Ya kwanza, ya tatu na ya nne zilikuwa za rangi ya kahawia iliyopauka, rangi ya chai ya maziwa mengi, ndiyo rangi njema. Zingekuwa nyeupe za kung’aa tungezungumza habari ya joto kupita kiasi au petroli kuwa chache. Kauri za juu zilikuwa na duara la hudhurungi pale inapokutana na chuma. Kijana wake wa kazi akasema hizo zimevuja moshi. Hazikuvuja, umeme mkali unavuta chembe za oili zilizoko hewani na kuzigandisha pale. Plagi nzima kabisa inalo.

Na zote nne zilikuwa na 11 mwishoni. Gereji ya mwanzo, huko mjini, ilinifungia za Probox. Fundi alipima gepu kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ikaingia ya 1.3, kwa maana elektrodi zilikuwa zimelika zaidi, ile ya kati imekuwa duara badala ya kuwa na kingo. Yaani gari lililotakiwa kuruka 0.8 lilikuwa linaruka 1.3, tena waya moja imelowa oili. Ajabu ni kwamba liliwahi kupanda mlima wowote.

Kijana akapendekeza tuzigonge zirudi 0.8 na kuzipiga brashi ya waya, tuokoe pesa. Kwanza, kupinda elektrodi kwa kiasi hicho kunaiacha imeinama, haitazami tena ya kati sawasawa. Pili, brashi ya waya inaacha mistari ya chuma kwenye kauri, na umeme unapenda kupita humo. Plagi ya nikeli ni rahisi kuliko kichwa kinachouma.

Kuziingiza mpya, fundi alitumia kitu nilichokipenda: kipande cha mpira wa petroli, urefu wa mkono. Unachomeka ncha ya plagi ndani ya mpira, unaishusha shimoni, unazungusha mpira kwa vidole. Plagi ikikaa vibaya kwenye thredi, mpira unateleza tu, hauna nguvu ya kulazimisha. Soketi na mkono wake mrefu vingelazimisha, na thredi zingekufa. Zilipofika mwisho kwa vidole, ndipo akachukua soketi akazungusha kiasi cha nusu mzunguko na kidogo, washa ikabanika, basi. Hicho ni kipimo cha plagi mpya yenye washa yake, nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Ukirudisha iliyokwishatumika, washa imeshalala, inahitaji kunyongwa kidogo tu. Grisi kwenye thredi hakupaka, na nilipomwuliza akasema zimeshapakwa kiwandani, ukiongeza zinateleza na unakaza kupita kiasi bila kujua.

Tulibadilisha raba za mashimo, waya nne, na ea filta. Kifuniko cha distribyuta kilikuwa na ukungu wa kijani kwenye misumari ya shaba ndani, kazi ya hewa ya baharini. Kilisafishwa na kurudishwa.

Matokeo: vifuniko vya masufuria vimenyamaza. Mlima wa Sabaki napanda na mzigo wa harusi bila kusita. Asubuhi gari linawaka mara ya kwanza, hata zile asubuhi za masika ambapo kila kitu kina unyevu. Watu wataniuliza habari ya petroli. Imepungua, lakini kwa kuwa ea filta na waya zilibadilishwa siku ile ile, sitazipa plagi sifa yote. Zichukue fungu lao tu.

Sasa za iridiamu, kwa maana shemeji yangu hatanisamehe nisipozitaja. Yeye ana imani nazo, na ni kitu kizuri kwa haki yake. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400, nikeli kwenye 1,455, ndiyo maana elektrodi ya kati inaweza kufanywa nyembamba mno. Kwenye Denso Iridium Power ni milimita 0.4, kama ncha ya kalamu, na cheche huruka kwa urahisi kwenye ncha nyembamba. Aliniazima seti yake ya IK16, ambayo ndiyo sawa na 16 yangu, nikaitumia kwa muda. Liliwaka haraka kidogo asubuhi. Zaidi ya hapo, kwenye gari hili, sikuona kitu ambacho ningekilipia pesa zile; kwa bei ya moja napata karibu seti nzima ya hizi. Na raba ya shimo ikivuja tena, au gari likianza kula oili, iridiamu itachafuka sawasawa na nikeli, ila itaniuma zaidi. Mwenye gari jipya, koili kila plagi, anayesafiri Mombasa na kurudi kila wiki, afunge iridiamu za maisha marefu na asahau.

Hizi za nikeli huwezi kuzisahau, na hilo ni la kulijua kabla ya kununua. Mimi nahesabu kilomita 20,000 hivi, halafu nyingine. Katikati yake zinafunguliwa, zinatazamwa, gepu inapimwa kwa fila. Mara ya mwisho zilikuwa zote nne za kahawia, pamoja na ile ya pili, na fila ya 0.8 ilipita kwa kukwaruza kidogo, 0.9 ikagoma.

Ile nusu nyota ni upatikanaji. K16R-U isiyo na 11 Malindi ni ya kuagiza. Nililipa chini ya shilingi 400 kila moja, zikaja kutoka Mombasa kwa basi kama kifurushi, na ndani ya seti ya kwanza iliyotumwa zilikuwemo mbili zenye 11, zimechanganywa na mbili zisizo nazo. Zikarudi. Basi ukimwagiza mtu, usimtumie picha ya plagi uliyoitoa garini, kwa sababu huenda hiyo ndiyo ya makosa. Mtumie namba iliyoko kwenye kitabu cha gari, uiandike herufi kwa herufi, na boksi likifika fungua zote nne hapo hapo stendi, mbele ya kondakta.